Kichwa cha Sikudhani na Swali la Taifa

Kitendawili!

Haya, sema "tega," mwanangu. Usiniache nikajiitikia mwenyewe. Kuna kipindi nilijitegea na kujiitikia jioni baada ya jioni, na sitaki kurudia.

Ninacho chungu kilichofunikwa tangu kilipofinyangwa. Kinachemka mchana na usiku bila kuni, na mwenyewe hajawahi kukifunua akaona kinapikwa nini.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Mji mkuu usinipe, ule una wenyewe na wana walinzi. Nipe mji mdogo, wenye majirani wanaoitikia hodi. Ahsante. Nimekwenda katika mji huo, nimepokewa, nimekula, nimepumzika barazani, sasa nimerudi. Chungu hicho ni ubongo.

Usicheke. Zamani, katika nchi yetu, ubongo ulikuwa neno la buchani. Ukitaka supu ya kichwa cha mbuzi ulisema tu, "Niwekee na ubongo," na mchinjaji akakuwekea. Siku hizi tunanong'ona, maana serikali imelitwaa neno hilo na kulifanyia wizara.

Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Siogopi, la. Sheria yetu inasema anayelitaja jina la nchi asimame wima mpaka alimalize, na kila rais aliyepita aliliongezea kipande. Magoti yangu yananiuma.

*

Ilianza hivi. Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Ngurumo, alisafiri na ujumbe wake kwenda nchi ya baridi, kwenye mkutano wa wataalamu wa ubongo. Mimi simlaumu. Mtu atajuaje kilichomo kichwani mwa mtoto wa kwetu bila kulala hoteli ya mbali?

Mafunzo ya mkutano huo yaligawanywa sehemu mbili: ya asubuhi, na ya baada ya chakula. Asubuhi walifundishwa kwamba bongo za watoto hazifanani, na kila mtoto ana njia yake ya kushika mambo. Wajumbe wetu wakaandika, wakapiga makofi. Kisha kikaletwa chakula cha mchana, na nasikia kilikuwa chakula kizito sana. Kwa hiyo sehemu ya pili ya elimu hiyo ilibaki kule kule ukumbini, na mpaka leo hatujui ilisemaje. Serikali haijaona haja ya kuifuata. Nusu ya kwanza peke yake imetutosha.

Waziri alihutubia taifa akiwa bado kwenye ngazi za ndege, tukamsikia redioni.

"Ndugu wananchi! Imegundulika, na kugundulika huko kumethibitishwa, na kuthibitishwa huko nimekuthibitisha mimi mwenyewe, kwamba hakuna ubongo unaofanana na mwingine! Miaka yote hii tumewachanganya watoto wetu darasani kama mahindi na maharage chunguni! Tumewafanya makande, ndugu wananchi! Sasa basi! Kuanzia leo, kila ubongo na banda lake!"

Jirani yangu Mzee Farijala alikuwa anakula makande wakati huo. Aliweka kijiko chini, akangoja asikie kama na chakula kimepigwa marufuku.

Mwandishi mmoja wa habari akauliza, "Mheshimiwa, walimu wa mabanda yote hayo watatoka wapi?"

"Swali zuri sana," akasema Waziri, akaingia kwenye gari.

*

Mimi naishi na mjukuu wangu, Sikudhani. Mama yake yuko ng'ambo, analea watoto wa watu, na sauti yake hutufikia kwa simu pale mtandao unapotuonea huruma. Babu yake alishatangulia. Kwa hiyo nyumba yetu ni mimi na yeye, na kwa desturi ya bibi na mjukuu wa kike, nilikuwa namwita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu," nilikuwa namwambia akirudi na matope, "mume wetu angekuona na miguu hiyo angekupa talaka."

"Aniache mimi, abaki na kizee asiye na meno? Thubutu!"

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo kama cherehani. Akitoka shule nilijua habari za darasa zima kabla hajavua viatu: nani kalia, nani kapigana, Zuena kasema nini. Huyo Zuena alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wanatambaa. Ukimwita mmoja, wanaitika wote wawili.

Basi mafundi wakaja shuleni na plaiwudi. Darasa moja kubwa wakalikata vipande vyembamba kama sehemu za kufugia kuku, na kila kipande kikatiwa meza, kiti na mtoto. Mwalimu wa zamani akahamishiwa mpakani kwa kosa la kuchanganya bongo. Akaletwa mgeni, Mwalimu Tegemea, mama mpole mwenye viatu vilivyolika upande mmoja kwa sababu ya kutembea ushorobani. Alikuwa anasema "a" katika banda la kwanza, na anapofika banda la mwisho kuisema "a" ile ile, jua limeshapinda, na mtoto wa banda la kwanza ameshaisahau.

Mwanzoni watoto waligongeana ukutani. Zuena alikuwa banda la jirani. Anagonga, Sikudhani anajibu, Zuena anagonga tena. Mkaguzi akapita, akasikia. Akaandika kwamba bongo zinavuja. Wiki ile ile yakachukuliwa magodoro ya zahanati, yakachanwa, sponji ikabandikwa kwenye kuta zote. Wagonjwa waliombwa wavumilie kwa faida ya vichwa.

Wakakatazwa pia kutajana majina, maana kumtaja mwenzako, ilielezwa, ni kumkaribisha kichwani mwako, naye ana ubongo wa namna nyingine. Aliyetaja alisimamishwa juani. Na saa ya mapumziko walitolewa nje mmoja mmoja. Nilipita siku moja njia ya shule nikamwona mtoto anacheza kombolela peke yake. Alijificha nyuma ya tangi la maji. Akangoja. Akachungulia. Mwishowe akatoka mwenyewe, akajipangusa magoti, akarudi ndani.

Lakini lazima niseme na la haki. Katika mpango huo serikali ilitoa kitabu kwa kila mtoto. Mtoto mzima, kitabu kizima! Jambo hilo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe, na sisi wazazi tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Ila Sikudhani alianza kurudi nyumbani kimya.

"Umeshindaje, mke mwenzangu?"

"Salama."

"Na Zuena hajambo?"

"Sijui."

Sijui! Mtoto waliyenyolewa naye nywele za kwanza siku moja! Nikadhani wamegombana. Jioni nikatandika mkeka, nikasema, "Kitendawili!" Akanitazama kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Nikangoja weee. Mwisho nikajijibu mwenyewe, "Tega," nikatega, nikashindwa, nikajipa mji. Mji gani? Sikumbuki. Haukuwa na mtu.

*

Kisha akaja Dokta Mavura, Mtaalamu Mkuu wa Bongo, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mashine ya kupimia ubongo ilikuwa imekwisha kuingia nchini, lakini plagi yake ilikuwa na miguu bapa na tundu la wizara lilikuwa la miguu ya duara, na Kamati ya Plagi ilikuwa safarini. Kwa hiyo Dokta aliazima futi kwa fundi cherehani wa sokoni.

Akapima vichwa vyote. Watoto wa kike waliosukwa mabutu makubwa wakaonekana wana akili nyingi mno upande wa nyuma, na wavulana walionyolewa upara juzi yake wakaandikiwa upungufu. Kesho yake kina mama tuliwasuka watoto mabutu marefu kama minara, na wavulana wakaja wamevaa kofia mbilimbili. Ripoti ikasema elimu imepanda kwa usiku mmoja.

Baada ya kupima wakaanza kusomesha. Kila mtoto alipewa kitabu asome mbele ya Dokta. Zamu ya Sikudhani ikafika. Akakipokea kitabu kwa mikono miwili kama nilivyomfunza, akakigeuza juu chini, akasoma. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Mwalimu Tegemea ndiye aliyenisimulia. Anasema alisoma vizuri kuliko msoma taarifa wa redio, kitabu kikiwa kichwa chini miguu juu.

Dokta Mavura akavua miwani. Akaivaa. Akaenda upande wa pili kuhakikisha kama ni yeye aliyepinduka.

"Mwalimu," akasema, sauti inatetemeka kwa furaha, "unaona? Huu ni ubongo uliopinduka! Vitabu vya wataalamu havina kitu hiki. Huu ni wa kwetu!" Kisha akainama. "Mtoto, kwa nini unapindua kitabu?"

Sikudhani akautazama ukuta wa sponji. Akanyamaza.

"Jibu, mwanangu. Usiogope. Kwa nini?"

Akanyamaza.

Katika nchi yetu mtu anaweza kumnyamazia jirani, anaweza hata kumnyamazia Mungu asipigwe radi siku hiyo hiyo. Lakini mtu aliyeshika faili hanyamaziwi. Swali likapanda kutoka shule kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda mkoani, na kila meza lilipopitia liligongwa muhuri, mpaka likafika Baraza la Mawaziri na kupewa jina: Swali la Taifa.

*

Ujumbe ukaja kwangu. Niliwatandikia jamvi, wakaomba viti. Nina kiti kimoja. Wakakalia kwa zamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni uji."

"Uji baadaye. Bibi, mtoto huyu ulimbeba vipi alipokuwa mchanga?"

"Kwa mbeleko, mwanangu. Mgongoni."

"Kichwa kikiwa wapi?"

"Juu ya shingo, baba."

Akaandika. "Aliwahi kuanguka?"

"Mara nyingi. Na mara zote aliinuka."

"Wewe mwenyewe ulisoma?"

"Shule ya msingi, nikaimaliza."

"Na kitabu ulikuwa unakishikaje?"

"Sikukishika. Alikuwa nacho mwalimu. Sisi tulikuwa tunaimba, wote pamoja, mpaka linaingia."

Wakatazamana. Aliyekuwa na zamu ya kiti akainuka kwa mshtuko. "Andika," akamwambia mwenzake, "ukoo una historia ya kuimba kwa makundi."

Bungeni wakalijadili wiki nzima. Mbunge mmoja akasema mtoto huyo ni hazina na atozwe kodi. Mwingine akasema ni njama ya maadui, maana ukikiangalia kitabu kichwa chini, ramani ya nchi yetu inafanana na ya kwao. Wa tatu aliuliza kama posho ya kujadili kichwa kilichopinduka ni sawa na ya kichwa cha kawaida, na hapo ndipo mjadala ulipochangamka.

Mheshimiwa Ngurumo akasimama kufunga hoja. "Serikali hii haitamwacha mtoto hata mmoja asome kwa taabu! Kama mtoto amepinduka, na serikali itapinduka!"

Makofi yakaanza, halafu yakakatika. Wanajeshi waliokuwa mlangoni wakatazamana. Kesho yake gazeti la serikali lilieleza kwamba Mheshimiwa alikuwa anazungumzia vitabu.

Na kweli, vitabu vikapigwa chapa. Kiwanda cha serikali kilisimamisha kazi zake zote, hata vyeti vya kuzaliwa, kikachapa kitabu cha Sikudhani: jalada limesimama vizuri, ndani maneno yote kichwa chini. Waliniambia hakijawahi kutengenezwa kitu kama hicho. Nikataka kuuliza kama isingekuwa rahisi kukigeuza tu kile cha kawaida, lakini bendi ilikuwa imeshaanza kupiga.

Siku ya kukabidhi, Waziri mwenyewe alimpa mtoto kitabu mbele ya wageni. Sikudhani akakipokea kwa mikono miwili. Na kwa mazoea yake, akakigeuza.

Basi maneno yakasimama wima. Akayatazama. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Akajaribu kukirudisha kilivyokuwa, lakini msaidizi wa Waziri akamdaka mkono. "We mtoto, acha kupindua mali ya serikali!"

Waziri akainama mbele ya kamera zote. "Mtoto mzuri, liambie taifa. Kwa nini unapindua kitabu?"

Nilikuwa nyuma kabisa, kati ya watu. Niliuona uso wake. Alikuwa anatafuta mtu katika umati ule, na mtu huyo sikuwa mimi, maana macho yake yalipita juu yangu yakaendelea. Watoto wengine walikuwa wamefungiwa kwenye mabanda yao, ili wasishangilie kwa pamoja.

Akanyamaza.

*

Dokta Mavura alikuja nyumbani kunipa uamuzi. Safari hii aliukubali uji. Alikunywa kikombe kizima kabla ya kusema.

"Bibi, hali ya mtoto imezidi. Sasa hata kitabu kilichopinduliwa hawezi. Atapelekwa Kituo cha Taifa, mji mkuu. Kule atakuwa na chumba chake, bustani yake, na walinzi wake."

"Na wenzake?"

"Hana wenzake, bibi. Ndiyo maana anapelekwa. Ubongo kama ule hauna mwenzake."

"Atakaa huko mpaka lini?"

"Mpaka ageuke."

"Na mimi?"

Akafungua faili. Akapekua, kwa adabu kabisa, karatasi moja baada ya nyingine, kama mtu anayenitafuta kweli. "Jina lako halimo humu, bibi," akasema.

Nikamwuliza kama hakuna namna. Akakuna kichwa, ile sehemu ya akili nyingi. "Ipo moja. Faili hili limefunguliwa kwa swali. Mtoto akijibu kabla gari halijaondoka, jibu lolote lenye kueleweka, faili linafungwa. Likifungwa, siwezi kumpeleka mtu kokote. Ndiyo kanuni. Lakini amewanyamazia mawaziri, bibi. Atakujibu wewe?"

Jioni ile nilimwuliza, nikiwa nasuka nywele zake ili asiuone uso wangu. "Mke mwenzangu, unapindua kitabu kwa nini? Niambie mimi tu."

Mabega yake yalikakamaa. "Tumekatazwa kusema habari za watu," akasema.

"Nani kakuuliza habari za watu? Nakuuliza habari za kitabu."

Akainamisha kichwa nisuke. Nikamaliza butu la mwisho, nikabaki nimeshika kitana, nikiwaza nitamsuka nani.

*

Asubuhi ya safari nilifunga nguo zake ndani ya khanga yangu. Nilikaanga vitumbua, hakugusa. Tukaenda shuleni tumeshikana mikono, na njia ikawa fupi kuliko siku zote.

Gari la serikali lilikuwa uwanjani, linanguruma. Kanuni zilimruhusu mlezi kumuaga mtoto ndani ya banda lake tu, si nje, maana nje kuna bongo za watu. Dokta Mavura alisimama mlangoni mwa banda, faili wazi mkononi, kalamu juu ya sikio.

"Usikae sana, bibi."

"Mwanangu, na wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Anasoma banda gani?"

Akakohoa. "Anasoma ng'ambo."

"Peke yake peke yake?"

"Kule..." Akalitazama gari. "Kule wanakaa kwa mafungu, bibi. Juu ya zulia. Ingia tafadhali, muda unakwenda."

Nikaingia. Banda lilikuwa jembamba kiasi kwamba nilitaka kukaa ubavuni pake nimshike bega, ukuta wa sponji ukanikatalia. Ikabidi nijipenyeze mpaka upande wa pili wa meza, nikapindua ndoo, nikaikalia. Tukawa tunatazamana, meza katikati yetu. Hatukuwahi kukaa hivyo. Nyumbani tunakaa mkekani, mgongo ukutani, bega kwa bega.

Nikatafuta neno la kusema. Vitendawili vyote vilinikimbia, mimi niliyevimiliki kama kuku. Mezani palikuwa na kitabu, kile cha kawaida; cha serikali kilikuwa kimekwisha kupelekwa makumbusho. Nikakivuta kwangu ili mikono ipate kazi. Nikaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya maneno, kama tulivyozoeshwa utotoni.

"Mbuzi... wa... Mzee... Feruzi... ame... ame..."

Herufi zikanichezea. Miwani niliisahau nyumbani.

"Amekula," sauti ikasema.

Sikuinua uso. Niliogopa nikiinua itakimbia. "Amekula... nini hapa?"

"Mkeka, bibi."

"Mkeka mzima?"

"Soma mbele. Kabakiza pindo."

"Mbuzi gani huyo asiyeogopa talaka!"

Akacheka. Kicheko kidogo, chenye kutu, kama bawaba ya mlango wa stoo. Nikaendelea. Mimi kidole, yeye sauti. Kila nilipokwama alikuwa amekwisha kunipita, macho yake yanatembea juu ya ukurasa kutoka upande ule wake, na kitabu kimetulia vile vile, kimenielekea mimi. Mbuzi akala na kofia ya Mzee Feruzi. Kabla sijafika mwisho wa mstari, mkono wake ukanyooka, ukafunua ukurasa kwa haraka na ustadi, ukarudi. Hakutazama hata alichofanya. Ilikuwa kazi ya mkono ule, inaonekana, tangu zamani.

Nje gari likapiga honi. Dokta Mavura hakugeuka. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya banda, na kalamu haikuwa tena juu ya sikio.

Nikaondoa kidole kwenye maneno. "Mke mwenzangu," nikasema, "kwa nini wewe unakisomea huko?"

Akautazama mlango. Akautazama ukuta wa sponji, upande ambao zamani ulikuwa unagonga. Kisha akanitazama mimi, na nikaona anapima kama kutaja jina kunastahili kusimama juani.

"Kitabu kilikuwa kimoja, bibi," akasema. "Zuena alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe."